UZI: Viazi vimeoza moyo ndani ya lori. Ni kweli joto "limeua vimeng'enya"?

Muuza_Waru (Molo)

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba msaada wa waliosoma bayolojia vizuri, si wa kubahatisha.

Mimi nanunua viazi aina ya Shangi kwa wakulima wa Molo na Elburgon, napeleka Kibuye, Kisumu. Njia ni ile ya Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero. Juzi lori likaharibika karibu na Awasi, likakaa juani mchana kutwa. Turubai lilikuwa limefungwa kabisa maana mawingu yalikuwa yanatutisha. Tulipofika sokoni viazi kwa nje vilikuwa safi: ganda limekaza, hakuna harufu, hakuna maji. Mteja wangu wa chipsi akakata kimoja, akakuta katikati pamekuwa peusi tititi na pembeni nyama nyeupe kama kawaida. Akakata kingine, vilevile. Magunia ya juu na ya kandokando yalikuwa sawa, yale ya katikati ya mzigo ndiyo yaliyoharibika.

Pale sokoni mmoja akasema ni ugonjwa wa shambani. Mwingine akasema "joto limeua vimeng'enya". Huyo wa pili ana mtoto kidato cha pili, kwa hiyo alisema kwa kujiamini sana.

Hasara nimeshaibeba. Lakini mkulima bado ananidai sehemu ya pesa yake, na nataka kujua kama kosa ni lake au ni la safari.

Soko_Huru

Huo ni mnyauko wa bakteria, hakuna cha joto hapo. Umeuziwa viazi vya shamba bovu. Usimlipe hata shilingi.

Mwl_Njoro

Soko_Huru, usimharakishe mwenzio kumnyima mtu jasho lake.

Tumalize habari ya mkulima kwanza. Kiazi chenye mnyauko wa bakteria ukikikata kwa upana unaona mviringo wa kahawia karibu na ganda, na ukikibana unatoka ute mzito wa rangi ya maziwa. Mara nyingi hata macho ya kiazi yanashika udongo kwa sababu ya ute huo. Muuza_Waru ameeleza doa la katikati kabisa, kavu, lisilonuka, tena kwa viazi vilivyokuwa ndani ya mzigo tu. Hiyo ni hali inayoitwa moyo mweusi, na hailetwi na kidudu chochote. Mlipe mkulima.

Sasa joto. Kiazi kilichochimbwa bado ni kiumbe hai. Kila seli yake inapumua: inachukua sukari na oksijeni, inatoa kaboni dayoksaidi, maji, nguvu ya kuendeshea maisha, na joto. Hatua zote hizo zinafanywa na vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha kazi ndani ya seli. Joto likipanda, molekuli zinakwenda mbio, zinagongana na kimeng'enya mara nyingi na kwa nguvu, kazi inakwenda kasi. Kanuni ya haraka haraka ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi huwa karibu mara mbili. Sasa chukua viazi vilivyopakiwa asubuhi ya baridi ya Molo, uvifungie chini ya turubai kwenye jua la Awasi. Pana tofauti ya nyuzi 20 hapo bila ubishi, kwa hiyo upumuaji unaweza kuwa mara nne ya ule ulioondoka nao.

Na huo upumuaji wenyewe unatoa joto. Kiazi kimoja kikiwa mezani hulisikii. Kwenye lori zima lililofungwa halina pa kutokea, basi linazidisha kasi, na kasi inazidisha joto. Ndiyo maana yale magunia ya kandokando yalipona.

Oksijeni nayo inaingilia kwenye ganda na kupenya polepole hadi katikati. Seli za pembeni zinajichukulia zao kwanza. Upumuaji ukiwa wa kawaida, inayobaki inatosha kufika moyoni. Ukipanda mara nne, haifiki. Seli za katikati zinakosa hewa, zinakufa, utando wake unavuja, na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi, ambacho siku zote kilikuwa kimetengwa na malighafi yake, kinakutana nayo. Hapo ndipo weusi unapotengenezwa.

Kwa hiyo yule mzazi wa kidato cha pili amegeuza mambo juu chini. Weusi ule ni kazi ya kimeng'enya. Joto lingekuwa limekiua, kiazi kingebaki cheupe. Jaribu leo nyumbani: kata kiazi kibichi vipande viwili. Kimoja kitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika kadhaa, kingine kiache hivyo hivyo. Vikwangue vyote juu kwa kisu, uviweke kwenye sahani, kisha uende ukanywe chai.

Muuza_Waru (Molo)

Nimejaribu, mwalimu. Kile kibichi kimeanza kuwa cha pinki pinki pale nilipokwangua, halafu kahawia, na sasa kinaelekea weusi. Kile cha maji moto kiko vilevile, cheupe kama nilivyokitoa. Mke wangu anauliza kama nimeacha biashara.

Mkulima nitamlipa. Nimempigia simu tayari.

Nyakwar_Dunga

Mwalimu, kwa viazi nimekuelewa. Lakini kwa samaki sikubali. Mimi nina vizimba vya ngege (tilapia) upande wa Dunga. Wakati wa joto, ziwa limetulia hakuna upepo, nimeamka alfajiri nikakuta samaki wanaelea tumbo juu, na waliobaki wanahema juu ya maji. Bwana mmoja aliyekuja kutuuzia dawa alisema wazi: "Joto limevuruga vimeng'enya vya samaki, wanahitaji vitamini." Tukanunua. Samaki ana damu baridi, hawezi kujipoza. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Sasa kama si vimeng'enya ni nini?

Afisa_Ziwa

Nyakwar, pole, na hizo vitamini zilikuwa pesa ya bure.

Ni kweli kwamba mwili wa samaki unafuata maji. Lakini piga hesabu. Maji ya Ghuba ya Winam, huku kwetu Ziwa Victoria, siku ya joto hayafiki hata nyuzi 30 kwa urahisi. Ngege anakua vizuri zaidi kati ya nyuzi 27 na 30, na kinachomuua kwa joto tupu ni maji ya nyuzi 41 hivi na kuendelea. Vimeng'enya vyake siku ile havikuwa na shida yoyote. Tena vilikuwa vinachapa kazi kuliko kawaida, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 20 inaweza kubeba miligramu 9.1 za oksijeni. Kwa nyuzi 25 ni 8.3. Kwa nyuzi 30 ni 7.6. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo punguza tena karibu sehemu moja kwa nane. Wakati huohuo samaki anataka oksijeni zaidi kwa sababu upumuaji wa seli zake umepanda. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka.

Na samaki hayuko peke yake mle. Ule ukijani unaouona majini ni viumbe vinavyotengeneza oksijeni mchana, lakini usiku vinapumua tu kama sisi. Bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula chini ya kizimba nao wanapumua, na joto limewaongeza kasi wote. Ndiyo maana umewakuta alfajiri, maana oksijeni ya maji huwa chini kabisa kabla jua halijatoka. Wakati mwingine upepo unageuza maji, yale ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu, na hapo hata kizimba kilichotunzwa vizuri kinapata hasara.

Cha kufanya: siku za joto na ziwa tulivu punguza chakula, na usilishe asubuhi na mapema. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi kuliko mwenye njaa kwa sababu kumeng'enya chakula ni kazi. Usijaze samaki kupita kiasi. Na kizimba kikae kwenye kina chenye mkondo, si kule karibu na magugu ambako boti haisumbuki kufika.

Nyakwar_Dunga

Hapo kwa kulisha asubuhi umenigusa. Tunalisha saa kumi na mbili kamili.

Kidato_Pili_2

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Sasa nimechanganyikiwa. Kitabu chetu kina mchoro wa mlima: kasi inapanda hadi nyuzi kama 37 au 40, halafu inaporomoka. Tukiulizwa kwa nini inaporomoka tunaandika kimeng'enya kimeharibika umbo. Mnasema si kweli?

Mwl_Njoro

Marahaba, mwanangu. Andika hivyohivyo, ni kweli na alama utapata. Kimeng'enya kina umbo lililokunjwa kwa mpangilio maalum, na mahali pamoja kwenye umbo hilo ndipo malighafi inapokaa. Joto likizidi, vifungo dhaifu vinavyoshikilia mikunjo vinakatika, umbo linafunguka, mahali pale panapotea. Ute wa yai ukigeuka mweupe kwenye kikaango unaona protini zikifanya jambo hilohilo mbele ya macho yako. Na hata ulirudishe yai kwenye friji halirudi kuwa bichi.

Baridi ni habari nyingine. Baridi haivunji umbo hilo, inapunguza mwendo tu. Weka amilesi ya mate, kimeng'enya cha kuvunja wanga, kwenye barafu pamoja na wanga: utaweka iodini, utaona bluu nyeusi ya wanga ambao haujavunjwa, utasema kimeng'enya kimekufa. Kitoe kwenye barafu, kipate joto la mwili, rudia iodini baadaye kidogo, weusi hautokei tena. Wanafunzi wengi wanaandika kwamba nyuzi 0 "imeua" kimeng'enya, na hapo alama zinaenda.

Jambo moja ambalo vitabu vingi havisemi: kilele cha ule mlima hakijapigiliwa msumari. Kinategemea umekipima kimeng'enya kwa muda gani. Ukipima kwa dakika moja, kinaweza kuonekana kinafanya kazi vizuri sana kwenye joto ambalo, ukikiacha humo saa nzima, kingekuwa kimeharibika chote. Kuharibika umbo kunachukua muda.

Tulichokuwa tunasema mimi na Afisa_Ziwa ni kwamba ule mchoro ni wa kimeng'enya kimoja ndani ya bomba la maabara. Kiumbe kizima kinahitaji oksijeni ifike, sukari itoshe, maji yasiishe. Mara nyingi kimojawapo cha hivyo kinakwama kwanza, joto likiwa bado mbali na kile kilele.

Mbishi_wa_Maabara

Mwalimu umeeleza vizuri, ila ile "kila nyuzi 10 mara mbili" naona watu wataishika kama amri. Kuna kazi za mwili zinazopanda mara moja na nusu, nyingine mara tatu. Na kwa kiumbe kilekile haiwi sawa kwenye baridi na kwenye joto. Viazi kwa mfano: ukivishusha karibu na nyuzi 0, upumuaji unaweza hata kupanda badala ya kushuka.

Mwl_Njoro

Kweli kabisa. Ni kipimo cha kukadiria tu, kisipelekwe mahakamani.

Chai_Nandi

Nimecheka kuona polifenoli oksidesi inalaumiwa kwa viazi. Huku kwetu kimeng'enya hicho kwa jina hilohilo ndicho kinachotulipa mshahara.

Jani la chai likichumwa linanyaushwa, halafu mashine inalikatakata na kulisaga. Seli zinapasuka, kimeng'enya kinakutana na malighafi yake, na jani la kijani linaanza kubadilika rangi kuwa ya shaba. Tunaita kuchachusha ingawa hakuna hamira wala bakteria wanaohitajika. Ni oksijeni na kimeng'enya basi. Siku ya joto inakwenda upesi, asubuhi ya baridi huku milimani unangoja zaidi. Anayesimamia hapo haangalii saa peke yake. Anachota kiganja, anatazama rangi, ananusa: ile harufu ya majani mabichi ikiondoka na ile tamu ikaja, wakati umefika. Akichelewa, chai inakuwa nzito isiyochangamka.

Kinachozima kazi ni kikaushio, hewa ya zaidi ya nyuzi 100. Pale kimeng'enya kinauawa kwa makusudi. Na chai ya kijani si mmea mwingine, ni jani hilohilo lililopitishwa kwenye mvuke au chuma cha moto mapema, kabla kimeng'enya hakijapata nafasi.

Sista_Kondele

Ngojeni niingilie hapa. Haya mambo ya "kuua vimeng'enya" yamefika hadi wodini. Mama analeta mtoto ana homa ya 39, ameshamwagiwa maji baridi hadi anatetemeka, kwa sababu mtu amemwambia ubongo unapikwa. Homa ya 39 haipiki chochote. Kinachotokea ni kwamba kila nyuzi moja ya homa inaongeza matumizi ya nguvu ya mwili kwa asilimia 10 hivi au zaidi kidogo. Ndiyo maana mtoto anahema haraka, moyo unakimbia, maji yanaisha mwilini, na akikaa siku kadhaa bila kula anakonda mbele yako. Mpe maji ya kunywa, mpunguzie nguo, mlete apimwe malaria. Kuanzia 40 na zaidi kwa mtu aliyepigwa na jua, hasa akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, mkimbize hospitali huku mnampoza njiani.

Soko_Huru

Dada, hapo kwa malaria: kwa nini Kisumu inatusumbua hivi na Nakuru ni nadra? Mbu si wako kote?

Sista_Kondele

Mbu wako, ila mbu naye ni wa damu baridi, na kimelea cha malaria kinakulia ndani ya tumbo la huyo mbu. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa leo, hawezi kuambukiza kesho. Kimelea lazima kipitie hatua zake kwanza hadi kifike kwenye tezi za mate, na kasi ya hatua hizo inaamuliwa na joto. Kwa kile kimelea kikali, chini ya nyuzi 16 hadi 18 kinakwama kabisa.

Kuna hesabu ya zamani inayotumika hadi leo: gawanya 111 kwa joto ukishatoa 16. Kwa nyuzi 25 unapata siku 12 hivi. Kwa nyuzi 20, siku 28. Kwa nyuzi 18, siku 55. Mbu wachache sana wanaishi siku 55. Wastani wa joto la Kisumu ni karibu nyuzi 23, Nakuru 17 au 18. Jijazie mwenyewe. Na ndiyo sababu nyanda za juu kama Kisii na Nandi mwaka ukiwa na joto na mvua kuliko kawaida ugonjwa unalipuka, tena kwa watu ambao miili yao haijauzoea.

Ndani ya nyumba huwa kuna joto kuliko nje, kwa hiyo wa Nakuru msilale bila neti mkisema Sista amesema.

Mkulima_Ahero

Mimi swali langu ni dogo. Nilileta mbegu ya Shangi kutoka Molo nikapanda huku Ahero. Majani yalipendeza, jirani wakaja kutazama. Kuchimba, vijiazi vya kuokota. Maji nilitia, mbolea nilitia. Ni haya mambo pia?

Mwl_Njoro

Ni haya haya, na hapa usiku ndio wenye makosa. Mchana jani linatengeneza sukari, usiku mmea mzima unaendelea kupumua bila kutengeneza kitu. Mtu wa mshahara mzuri anayeishi kwenye nyumba ya kodi kubwa mwisho wa mwezi hana cha kuweka benki, na kiazi cha Ahero ndivyo kilivyo: usiku wenye joto unakula kile ambacho kingeshuka chini kujaza viazi. Molo usiku baridi kodi ni ndogo. Juu ya hayo, mmea wa kiazi unapokea amri ya kutengeneza viazi chini ukipata ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 hivi. Joto likizidi sana unaendelea kurefusha majani tu, ndiyo maana jirani walipendezwa.

Usihuzunike. Mahindi mnayovuna huko kwa miezi mitatu au minne, wenzenu wa Molo wanayangoja miezi saba, minane. Panda mpunga, Ahero iko kwenye mpunga.

Mzee_wa_Kimea

Naona vijana mnaongea yote hamjagusa kimea. Wimbi ukiulowesha, ukachipua, ukaukausha na kusaga, una kimeng'enya cha kuvunja wanga cha kutosha kijiji kizima. Mama zetu kule Vihiga walijua bila maabara: busaa, ile pombe ya nafaka, mkate wake unakaangwa kwanza, unapozwa, ndipo unatiwa kimea. Ukitia kimea kwenye kitu kinachotokota umepoteza wimbi wako.

Mwanafunzi ajaribu hivi. Pika uji mzito wa mahindi, ule mwiko unasimama. Epua, gawa bakuli mbili. Bakuli la kwanza tia kijiko cha kimea uji ungali unatokota. La pili ngoja upoe hadi uweze kugusa bakuli kwa nje ukavumilia, ndipo utie kijiko chako, koroga. Huo wa pili utalegea mbele yako ndani ya dakika chache, unakuwa wa kunywa kwa kikombe, na ukiuonja una utamu kwa mbali. Wa kwanza utabaki mzito. Kama uji ni wa mtoto, baada ya kulegea urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi kina wadudu wake.

Kidato_Pili_2

Babu shikamoo. Hii ni rahisi kuliko ya maabara. Lakini mbona kimea kinafanya kazi kwenye uji wa moto hivyo? Kitabu kinasema 37.

Mwl_Njoro

Thelathini na saba ni ya mwili wako. Kila kiumbe kina vyake. Amilesi ya nafaka iliyochipua inavumilia hadi nyuzi 60 na kitu kwa muda wa kutosha kulegeza uji, ikipita 75 hivi imekwisha.

Na huko si mwisho. Nenda Bogoria, pale chemchemi zinapotokota kando ya ziwa. Kwenye mitaro ambayo ukitia yai linaiva, kuna bakteria wanaishi raha mustarehe. Ndugu zao walitolewa kwenye chemchemi za Yellowstone kule Marekani na kutangazwa mwaka 1969 na Thomas Brock na Hudson Freeze, wakaitwa Thermus aquaticus. Kimeng'enya chao cha kunakili DNA kinafanya kazi vizuri karibu na nyuzi 72 na kinastahimili hatua ya nyuzi 95, na ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR, kile cha kunakili DNA mara nyingi hadi ionekane. Kila mtu aliyechomekwa kijiti puani wakati wa korona sampuli ikapelekwa PCR, alipimwa kwa teknolojia iliyosimama juu ya kimeng'enya cha maji moto. Nacho ni protini, imekunjwa tu kwa kubana zaidi na vifungo vingi zaidi.

Afisa_Ziwa

Na kwa samaki kuna yule wa Ziwa Magadi, mdogo, anaishi kwenye maji ya magadi yanayofika nyuzi 40 na zaidi kidogo. Aliletwa Ziwa Nakuru miaka ya 1950 na 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu, na ndege wari wakamfuata kutoka Ziwa Elmenteita. Upumuaji wake umepimwa ukakutwa wa juu ajabu kwa samaki. Akikosa oksijeni majini anapanda kumeza hewa juu. Kwa hiyo hata yeye, Nyakwar, mwenye vimeng'enya vya chuma, shida yake ni ileile ya ngege wako.

Muuza_Waru (Molo)

Mmenisaidia sana. Sasa swali la biashara. Kuna mtu ananiuzia wazo la chumba cha baridi: niweke viazi nyuzi 4, visipumue, visichipue, nivitoe bei ikipanda. Shangi inachipua haraka mno, kwa hiyo nimevutiwa.

Mbishi_wa_Maabara

Kwa mbegu, sawa. Kwa chipsi, hapana. Chini ya nyuzi 7 au 8 kiazi kinaanza kugeuza wanga kuwa sukari, na upumuaji ukiwa umepunguzwa na baridi sukari hiyo haitumiki, inarundikana. Mteja wako akivitia kwenye mafuta vitakuwa kahawia nje kabla havijaiva ndani, na vitakuwa na uchungu fulani. Huo weusi wa kikaangoni si wa kimeng'enya, ni sukari na asidi amino zikikutana na mafuta ya moto. Vya mezani na chipsi viweke kwenye nyuzi 8 hadi 10, giza, hewa ipite. Ukiwa umeshaviweka kwenye 4, vitoe uviache nyuzi 15 hadi 20 wiki mbili tatu, sukari itapungua kwa kiasi fulani.

Muuza_Waru (Molo)

Na lorini?

Mwl_Njoro

Pakia jioni, safiri usiku, ufike Kibuye alfajiri. Kuelekea Awasi unashuka kwenye joto huku jua halipo. Usipakie viazi vilivyochimbwa mchana bado vina joto la udongo, vilaze kivulini usiku mmoja kwanza. Magunia yapangwe na nafasi kati ya safu, chini uweke mbao hewa ipite. Turubai lifunike juu, mbele na nyuma paachwe wazi. Na lori likikufia njiani mchana, kitu cha kwanza ni kufungua turubai, fundi atangoja.

Muuza_Waru (Molo)

Dereva atasema mvua.

Mwl_Njoro

Mwambie kiazi kilicholowa maji kinaanikwa.

Soko_Huru

Kikilowa halafu kikafungiwa ndani ya joto kinaoza mwalimu, hapo ndipo bakteria wangu wanapoingia.

Mwl_Njoro

Hapo umesema kweli. Basi mvua ikinyesha mfunike, ikikatika mfungue, na vilivyolowa mvitenge vianikwe siku hiyohiyo mkifika.